Je, Wajua? Tyuna Haiutulizi Mtutu, Huupangia Wakati

Kuna maelezo yanayorudiwa kila mahali panapozungumzwa bunduki za shabaha, nami nimechoka nayo: kwamba tyuna, ule uzito mdogo unaofungwa mdomoni mwa mtutu, kazi yake ni kuzuia mtutu usitetemeke. Maelezo hayo ni rahisi kukumbuka, lakini yana makosa. Mtutu wenye tyuna hutetema kama ule usio nayo. Kinachobadilika ni wakati wa mtetemo huo, na katika suala la wakati ndimo ilimofichwa fizikia tamu ambayo wengi wanaipita bila kuiona.

Anayeijua ilimba ya Wagogo yuko karibu kuelewa. Ndimi za chuma za ilimba zimebanwa upande mmoja, upande wa pili uko huru. Fundi akiusukuma ulimi ukachomoza zaidi, sauti hushuka. Akiurudisha ndani, sauti hupanda. Marehemu Hukwe Zawose, aliyeifikisha ilimba kwenye majukwaa ya mbali, hakuwahi kuhitaji ndimi zisizotetema, maana hapo hata muziki usingekuwapo. Alihitaji ndimi zinazotetema kwa kiasi alichotaka yeye. Mtutu wa bunduki nao ni ulimi wa namna hiyo: nyuma umekazwa kwenye mwili wa bunduki, mbele uko hewani. Tyuna ni silinda fupi ya chuma au aluminiamu, mara nyingi ya kati ya gramu 100 na 250, ambayo uzito wake husogea mbele au nyuma kwa hesi. Katika zile nzuri, alama moja ya mzunguko husogeza uzito kwa takriban mm 0.025. Uzito ukienda mbele, mtutu hutetema polepole zaidi. Ukirudi nyuma, hutetema haraka zaidi.

Nani anahitaji vipimo vidogo hivyo? Tazama karatasi ya shabaha ya mita 50 kwa bunduki ya .22. Duara la 10 lina kipenyo cha mm 10.4, na risasi yenyewe ina upana wa mm 5.6. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, Sergei Martynov wa Belarus alilala kifudifudi akafyatua risasi 60 za mchujo, na zote 60 zikapata 10. Alimaliza na jumla ya 705.5 pamoja na fainali. Mwaka uliofuata sheria zilibadilika, na alama za mashindano ya kulala zikaanza kuhesabiwa kwa desimali hata kwenye mchujo: risasi iliyoingia katikati kabisa ni 10.9, na ukamilifu wa risasi 60 ni 654. Tangu hapo kuligusa duara la 10 hakutoshi tena. Kila milimita ina bei yake.

Lakini milimita hizo haziamuliwi na jicho na kidole peke yake, kwa sababu risasi mbili kutoka sanduku moja hazitoki kwa kasi moja. Baruti iliyomo kwenye ganda la .22 ni kidogo sana, na fataki yake imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo tofauti ndogo ya kiwandani huonekana kwenye kasi. Risasi za mashindano hutoka kwa karibu mita 325 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti, na hilo limefanywa makusudi. Hufika mita 50 kwa takriban sekunde 0.16, na katika muda huo mvuto wa dunia huwa umeishusha kwa cm 12 au 13. Sasa chukua risasi iliyopungua kasi kwa mita 10 kwa sekunde. Hiyo ni kama asilimia 3 tu, lakini kushuka kwake huongezeka kwa karibu asilimia 6, yaani mm 7 au 8. Mlenga shabaha hajakosea chochote. Amelenga sawasawa na amevuta pumzi sawasawa, na tundu bado liko chini.

Hapa ndipo hoja ya kutuliza mtutu inapoanguka. Hata mdomo wa mtutu ungesimama tuli kama jabali, risasi ya polepole ingeanguka zaidi kuliko ya kasi. Utulivu hauwezi kuponya tofauti ya kasi. Dawa ni moja tu: risasi ya polepole irushwe juu kidogo kuliko mwenzake.

Watoto wanaoangusha maembe kwa mawe wanalijua jambo hili. Mwenye mkono wenye nguvu hulilenga embe karibu moja kwa moja. Mdogo wake hulenga juu ya tawi, na mawe yote mawili hufika kwenye embe lilelile. Tatizo la bunduki ni kwamba haijui mapema ni risasi ipi iliyo dhaifu. Mtetemo wa mtutu ndio unaojua, na sababu yake ni rahisi: risasi dhaifu huchelewa kutoka.

Fuata tukio zima. Baruti inawaka, risasi inaanza safari ya cm 66 hivi ndani ya mtutu, na safari hiyo huchukua milisekunde mbili au tatu. Risasi ikisukumwa mbele, bunduki inasukumwa nyuma. Bega la mpigaji liko chini ya mstari wa mtutu, kwa hiyo msukumo huo unataka kuizungusha bunduki na kuinua mdomo. Mtutu ni mrefu na una uzito wake, hauwezi kuitikia mara moja. Unapinda huku na huku kama fimbo ya kuvulia samaki iliyotikiswa mkononi, na wimbi hilo linapita huku risasi ikiwa bado imo ndani.

Wajerumani Carl Cranz na K. R. Koch walianza kuuchunguza mtetemo huu kwa picha mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1901 Mwingereza Arnulph Mallock akaandika kuhusu mitetemo ya mitutu katika jarida la Royal Society. Kwa hiyo elimu hii ina zaidi ya miaka 120. Si ya jana, wala si siri ya mafundi wachache kama wauzaji wengine wanavyopenda tuamini.

Risasi ya kasi hutoka kwanza. Ya polepole hutoka baadaye, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kama katika kipande hicho cha muda mdomo wa mtutu uko safarini kupanda, risasi iliyochelewa itatoka ikiwa imeelekezwa juu zaidi. Ni kiasi gani cha juu? Kufidia mm 8 kwenye mita 50, mtutu wa cm 66 ukiinuka mzima bila kupinda, mdomo ungehitaji kupanda mm 0.1, unene wa karatasi moja. Risasi mbili zinaondoka kwa kasi mbili na pembe mbili, zinapita njia mbili hewani, kisha njia hizo zinakutana kwenye karatasi ya shabaha. Kwangu hakuna sehemu ya mchezo huu iliyo nzuri kuliko hiyo: kasoro moja inalipa deni la nyingine.

Na ikiwa wakati huo mdomo unashuka? Basi risasi ya polepole inaelekezwa chini, ikaongezewa na kushuka kwake yenyewe, na matundu yanapangana wima kama shanga kwenye uzi. Bunduki ya namna hiyo huitwa mbovu, huuzwa kwa hasara, au mwenyewe huacha mchezo. Kumbe mtutu ni mzima na risasi ni nzuri, isipokuwa mdomo unapanda mapema mno au umechelewa. Tyuna imetengenezwa kwa ajili ya hali hii. Unasogeza uzito, mwendo wa mtetemo unabadilika, hadi risasi ziwe zinatoka wakati mdomo unapanda kwa kasi inayofaa.

Kutokana na hayo kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: tyuna iliyopangwa kwa mita 50 haijapangwa kwa mita 100. Kadiri shabaha inavyosogea mbali, risasi dhaifu inahitaji mwinuko mkubwa zaidi. Wazee wa bunduki ya Lee-Enfield, ileile waliyoibeba askari wa Keya katika Vita ya Pili ya Dunia, waliliona hili bila tyuna yoyote. Vishikizo vya komeo lake viko nyuma, mwili wa bunduki hujipinda kidogo wakati wa kufyatua, na mtutu hutetema kwa namna inayofidia risasi za polepole kwenye masafa marefu. Ndiyo maana kwenye mashindano ya Uingereza ilisifika kwa kupiga vizuri kwenye shabaha za mbali, kuliko ambavyo mtu angetarajia akiangalia matundu yake ya karibu. Wahandisi wake hawakuipanga iwe hivyo. Umbo lake ndilo lililoipa tabia hiyo.

Kupanga tyuna kunataka subira, na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Bunduki huwekwa kwenye mifuko ya mchanga, siku isiyo na upepo, na mpigaji hufyatua kundi la risasi kwa kila alama huku akitazama urefu wa wima wa matundu. Upana wa mlalo ni habari ya upepo, na tyuna haina la kufanya nao. Kosa kubwa ni kuamini kundi moja la risasi 5. Bunduki ileile, bila kuguswa, itatoa kundi moja dogo kwa robo kuliko wastani wake na jingine kubwa kwa robo, kwa bahati tu. Mtu anaona kundi dogo kwenye alama ya 140, anashangilia, anafunga nati na kwenda nyumbani. Hakupima tyuna, alipima bahati yake. Anayetaka ukweli arudie alama ileile mara nyingi, siku tofauti, na azipime kasi za risasi zake kwa kronografu ili aone kama za polepole kweli zinaungana na za haraka.

Kwa sababu hiyohiyo ninawaheshimu wanaoitilia shaka tyuna. Mtaalamu wa balistiki wa Marekani Bryan Litz alizipima kwenye bunduki za risasi kubwa zenye kasi, kwa idadi kubwa ya risasi, na hakuona faida iliyozidi bahati. Simwoni kuwa adui. Risasi kubwa huenda kwa kasi kubwa na hushuka kidogo kwenye masafa mafupi, kwa hiyo deni la kulipwa ni dogo na ni vigumu kulipima. Kwenye .22 ya polepole deni ni kubwa, utaratibu wa kulilipa unaeleweka, na hapo nasimama upande wa tyuna bila kusita. Lakini hata hapo mambo mengine hutangulia. Kampuni ya risasi ya Eley ina vituo vya majaribio ambako bunduki hufungwa kwenye kibanio na kujaribiwa toleo baada ya toleo la risasi, mpaka lipatikane linaloupenda mtutu huo. Anayenunua tyuna kabla ya kutafuta toleo zuri la risasi ameanza na paa kabla ya msingi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya pesa. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kinachotoka bundukini na kwa madini yanayokitengeneza, na lugha haikukosea. Kila risasi ya .22 ni gramu 2.6 hivi za madini hayo. Mashindano ya risasi 60 huacha gramu 156 kwenye tuta la udongo. Anayefyatua 500 akikimbiza alama ya bahati ameacha kilo 1.3, na hakuna alichojifunza. Madini ya risasi hayaozi. Mvua yenye asidi huyayeyusha kidogo kidogo, yakaingia kwenye udongo na maji. Wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa hawahitaji kuelezwa madhara yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia sumu hiyo kwenye damu ya watoto wao, na ilibidi waende mahakamani wapate haki. Tuta la shabaha lililotelekezwa ni chanzo kingine cha sumu ileile, tofauti ni kwamba halina moshi wa kuwashtua majirani. Viwanja vinavyojiheshimu huweka mitego ya chuma ya kunasa risasi, au huchekecha udongo na kuuza madini yakayeyushwe tena. Kiwanja kinachoacha kila kitu chini kimeamua kwamba mjukuu wa mtu mwingine atalipa, na sioni kwa nini chama chochote cha shabaha kiruhusiwe hivyo.

Matumizi ya tyuna, kwa ufupi: mashindano ya .22 ya benchi, ambako karatasi moja ina shabaha 25 na ukamilifu ni 250, na ambako bunduki isiyo na tyuna imekuwa nadra. Mita 50 kwa kulala, mchezo ulioondolewa Olimpiki baada ya Rio 2016 lakini ungali hai kwingine. Bunduki za benchi za risasi kubwa. Bunduki za uwindaji za Browning na Winchester, zilizoanza kuwekewa tyuna iitwayo BOSS miaka ya 1990. Bunduki za hewa za shabaha. Ukibadilisha umbali, pima tena. Ukibadilisha toleo la risasi, pima tena. Na ukimaliza kupima, okota ulichoacha kwenye tuta.