Shabiki Mmoja wa Ingwe

Msomaji wa kurasa za michezo atakubaliana nami kwamba ni nadra kulikuta neno "shabiki" katika umoja. Mashabiki walifurika uwanjani. Mashabiki walizua fujo. Mashabiki waliondoka vichwa chini. Mchezaji hutajwa kwa jina, kocha kwa jina, na mwamuzi kwa jina, hasa akikosea. Lakini yule aliyelipa nauli na kiingilio humezwa na kiambishi ma-. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi la kumtafuta shabiki mwenye jina katika kurasa hizo. Wengi walirudi na jina moja: Isaac Juma.

Juma alikuwa mtu wa Mumias, Kaunti ya Kakamega, na klabu yake ilikuwa AFC Leopards. Siku ya mechi ungemwona amejipaka rangi mwilini, manyoya kichwani, akisakata ngoma mbele ya majukwaa kana kwamba yeye ndiye mchezaji wa kumi na mbili. Harambee Stars ilipocheza, alifika pia. Wako waliomwona kuwa kichekesho. Mimi nilimwona kuwa mtu aliyeichukulia kazi yake kwa dhati, ingawa hakuna aliyemwajiri kuifanya.

Klabu yenyewe ina historia isiyo haba. Ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila katika vilabu, ikawa AFC Leopards. Wapenzi wake wakaendelea kuiita Ingwe, yaani chui. Kati ya 1982 na 1984 ilinyakua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo. Kuishabikia Ingwe ya wakati huo hakukuhitaji moyo wa chuma. Baada ya ubingwa wa 1998, hata hivyo, ilikaa zaidi ya miongo miwili bila taji la ligi, na ni katika ukame huo ndipo Juma alipojulikana sana viwanjani. Timu ilifungwa, naye akacheza ngoma. Mishahara ya wachezaji ilichelewa, naye akacheza ngoma. Tukiwa na vijana wanaoweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal na wasijue timu ya kata yao inavaa jezi ya rangi gani, uaminifu wa aina hiyo si jambo la kupitiwa kijuujuu.

Mwezi Januari 2022 Juma aliuawa nyumbani kwake. Ndipo salamu za rambirambi zilipomiminika: viongozi wa soka, wanasiasa, vilabu pinzani. Sina shaka kwamba wengi waliozitoa waliguswa kwa dhati. Ila nilipozisoma nilijiuliza ni ngapi kati ya sifa hizo zilizopata kumfikia masikioni. Desturi yetu ya kuyaweka maneno mazuri mpaka jeneza lifike imekuwa ya kawaida hata hatuishangai tena.

Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, walau alikuwa na redio. Watangazaji waliliita jina lake mara nyingi hata "Kadenge na mpira" ikawa msemo, na watoto waliozaliwa miaka mingi baada yake kustaafu huutumia bila kujua ulikotoka. Kwa shabiki hakuna mtangazaji anayemfuata kwa sauti hatua kwa hatua. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo midundo yake husikika Ingwe inapocheza, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma ikapata orodha. Wanaoibeba hadi uwanjani kila wikendi hawana hata daftari.

Daftari hilo si lazima lisubiri shirikisho la soka. Kila mwalimu anayesoma safu hii anaijua timu iliyo karibu na shule yake, na karibu kila timu ina mzee mmoja anayechora mistari ya uwanja kwa chokaa, au mama anayefua jezi, au mtu asiyekosa mechi hata mvua inyeshe. Watume wanafunzi wakamhoji kwa lugha anayoipenda: alianza mwaka gani, ni mechi ipi asiyoweza kuisahau, nyimbo za zamani za timu zilikuwa zipi, nani alizitunga. Wayaandike majibu kwa Kiswahili sanifu, wakiziacha nyimbo katika lugha yake. Insha bora isomwe siku ya kutoa zawadi shuleni, mzee mwenyewe akiwa ameketi safu ya mbele, ili mwandishi akikosea mwaka arekebishwe papo hapo.