Karate au mimi? Kwanza mlinde miguu!

Wapo wanaowaambia wapenzi wao wachague: karate au mimi. Jamani, kabla hamjafika huko, mwangalie mwenzio miguuni.

Nasema hivyo kwa sababu huku Karagwe na Kyerwa ukipiga mateke, unayapiga pekupeku, na sakafu mara nyingi ni saruji. Teke la mzunguko hutua na sehemu ya juu ya mguu, penye mifupa myembamba. Likikutana na kiwiko cha mpinzani, si mchezo! Mtu anachechemea, kazini haendi, na muuguzi ni wewe.

Kwa nini asivae raba tu? Vidole na unyayo lazima vishike sakafu, halafu soli ngumu itamuumiza mwenzake. Ndiyo maana kinga ya karate hufunika juu ya mguu kwa sponji, huacha unyayo wazi, na hushikwa chini kwa lastiki. Muundi nao una kinga yake.

Wenzetu wa taekwondo wamefika mbali: soksi zao za kielektroniki husomana na kinga ya kifua, na teke likitua sawasawa, pointi inajiandika. Mfumo huo ulitumika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Faith Ogallo wa Kenya alishindana Tokyo mwaka 2021.

Mkienda kununua, nendeni wote wawili. Aivae, apige teke hewani mara kumi. Ikizunguka mguuni, irudisheni. Ikitulia, lipa wewe. Hilo nalo ni penzi, au vipi?