Siku Moja Kisiwani Pate: Tulipompeleka Mama Kwao



Mama yangu ana umri wa miaka 71. Amezaliwa Mombasa, ameolewa Mombasa na watoto wake wote amewazalia Mombasa. Hata hivyo, tangu utotoni mwetu, kila alipotunasihi juu ya adabu, usafi au heshima ya wakubwa, alianza kwa maneno haya: "Bibi yangu wa Siyu akisema…" Siyu hiyo hakuwahi kuiona. Bibi yake aliletwa Mombasa angali mwari, akafia huko, na baada yake hapana aliyerudi. Mwaka hadi mwaka Mama akisema atakwenda, na mwaka hadi mwaka palikuwa na arusi, mgonjwa au karo ya shule.

Alipoanza kulalamikia magoti, mimi na ndugu zangu tulitambua kwamba safari hii ikiahirishwa tena huenda isiwe. Tukachanga fedha kidogo kidogo tangu Mfunguo Tatu, na katika likizo ya Desemba tukaondoka: Mama, mimi na mume wangu, pamoja na binti yetu wa miaka 14. Tulipanda basi hadi Mokowe kupitia Malindi na Garsen, tukavuka kwa boti hadi Lamu, tukafikia kwa jamaa zetu.

Kisiwa cha Pate hufikiwa kutoka Lamu kwa boti za abiria, na nauli yake si kubwa. Lakini boti ya abiria hufuata saa zake na njia yake, wala haimngoji mama mzee anayeshuka ngazi hatua kwa hatua. Kwa hiyo tuliamua kukodi boti ya mashine ya peke yetu kwa siku nzima, pamoja na nahodha na kiongozi aliyezaliwa kisiwani humo humo. Nakiri kwamba gharama ilitutisha. Tulipoigawanya baina ya ndugu wanne tuliiona inabebeka, na jioni ilipofika hapana aliyeijutia.

Bahari ndiyo yenye saa

Jioni ya kabla ya safari, kiongozi alikuja nyumbani kupanga siku. Swali lake la kwanza halikuhusu fedha, bali mwezi. "Kesho ni mwezi tano," alisema. "Maji yatajaa kiasi cha saa 1 na nusu asubuhi, na kufikia saa 8 mchana yatakuwa yamekupwa. Siyu ni lazima tuingie mapema na tutoke mapema."

Binti yangu alishangaa kusikia kwamba safari hupangwa kwa tarehe za mwezi. Nahodha akamfahamisha: mwezi unapoandama na unapopevuka huwa bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana, baina ya nyakati hizo huja maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kila siku maji huchelewa kwa muda unaokaribia saa nzima. Mkondo wa Mkanda, unaotenga kisiwa cha Manda na bara, ni wa kina kifupi, na mlango wa Siyu ni mkono mwembamba wa bahari ulioingia katikati ya mikoko. Maji yakikupwa, chombo hukaa juu ya tope na abiria wake hungoja.

Baada ya Sala ya Alfajiri tulikuwa ufukoni, na saa 12 na robo tuking'oa nanga. Kila mmoja alivalishwa jaketi la uokozi, Mama naye akavalishwa lake juu ya buibui, huku akicheka kwamba sasa amekuwa baharia. Katika Mkanda mikoko ilisimama pande zote mbili, na maji yalikuwa matulivu kama ya mtungini. Tulikunywa chai ya tangawizi na mahamri tuliyofungasha, na mapema kabla ya saa 2 tukawa tumewasili Siyu.

Mji wa wanavyuoni

Jambo la kwanza mgeni analoliona ni ngome, iliyosimama kando ya maji kama mlinzi. Kiongozi wetu hakutukimbiza. Alimtafutia Mama mahali pa kuketi penye kivuli, kisha akaanza kutueleza.

Siyu ilikuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya elimu katika pwani hii. Hapa misahafu ilinakiliwa kwa mkono, kwa hati nzuri na mapambo, na mafundi wake wa ngozi na wa mbao walijulikana mbali. Hata leo wapo washonao viatu vya ngozi. Katika karne ya 19 mji huu ulikataa kuwa chini ya Zanzibar. Mwaka 1845, Seyyid Said alileta jeshi lake, na watu wa Siyu, wakiongozwa na Bwana Mataka, wakalishinda. Ni baada ya Bwana Mataka kufariki, na zama za Seyyid Said kupita, ndipo Siyu iliposhindwa.

Hapo binti yangu akauliza, "Na wanawake walikuwa wakifanya nini?"

Kiongozi akatabasamu. "Bwana Mataka alikuwa na mke," alisema. "Wewe umemsoma shuleni, ila hukuambiwa kwamba alikuwa wa huku."

Mke huyo ni Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Mwaka 1858, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa nasaha. Alijua kwamba huenda asiishi muda mrefu, akamwachia maneno yake kwa maandishi. Kiasi cha miaka miwili baadaye akarejea kwa Mola wake. Utenzi ule ungali unasomwa hadi leo. Wapo wanaozikubali nasaha zake zote, na wapo wanaojadiliana na baadhi yake. Lakini hapana awezaye kukanusha kwamba katika zama hizo, katika kisiwa hiki, alikuwapo mwanamke mwenye elimu ya dini na ufundi wa lugha, na mama aliyeamini kwamba bintiye anajua kusoma.

Niliutazama uso wa mwanangu. Kwake historia ilikuwa ni mambo ya wafalme wa mbali na tarehe za mtihani. Sasa ilikuwa ni mama na binti yake, katika mji ambao damu yake mwenyewe ilitoka.

Nyumba ya bibi

Kisha tukaanza kuitafuta nyumba. Mama alikuwa na mambo mawili tu mkononi: jina la baba yake bibi, na kwamba nyumba yao ilikuwa na mkunazi uani. Kiongozi alitupeleka kwa mama mmoja mkongwe, tukapiga hodi na kukaribishwa barazani. Wanaume walibaki nje, nasi tukaingia ndani.

Mara tu yule mwenyeji alipoanza kusema, Mama alinishika mkono. Ilikuwa ni lafudhi ya bibi yake, namna ile ile ya kuvuta neno. Hakuisikia kwa zaidi ya miaka 50.

"Watu wa nyumba hiyo walihama, mwanangu," mwenyeji alisema. "Wengine Lamu, wengine Mombasa. Nyumba imeanguka. Lakini yuko dada yangu mkubwa, yeye aliwajua watu wale kwa majina. Jana amekwenda Faza kumwangalia mjukuu wake mgonjwa. Kesho atarudi, inshaallah."

Tulionyeshwa mahali penyewe: kipande cha ukuta wa matumbawe, na vidaka viwili ambavyo bado vina chokaa. Mkunazi haukuwapo. Mama aliketi juu ya jiwe, akasoma Fatiha, akanyamaza.

Ilikuwa inakaribia saa 4. Nahodha alimtuma kijana: maji yanatoka. Nilitamani kusema tungoje, tulale, tumsubiri huyo dada. Lakini Mama hakuwa na dawa zake za usiku, na boti ilikuwa ya siku moja. Kiongozi alimwinamia kwa upole. "Bi mkubwa, tukichelewa tutakaa kwenye tope hadi usiku." Mama akainuka mwenyewe. Aliniambia, "Nimefika. Yaliyobaki si yangu."

Mji wa Pate

Kutoka Siyu tulikwenda kwa bahari hadi gati la Mtangawanda. Vijana hupanda bodaboda kutoka hapo. Sisi tulitembea taratibu, na Mama alipandishwa punda aliyekwisha kuandaliwa, mume wangu akimshika upande mmoja.

Mji wa Pate wa leo umejibana kando ya magofu ya ule wa zamani. Hapa walitawala Wanabahani, na mwaka 1728 hapa paliandikwa Utendi wa Tambuka, miongoni mwa tungo za Kiswahili kongwe zaidi tulizo nazo kwa maandishi. Sasa baina ya kuta za majumba yale, wenyeji wanalima tumbaku. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, alikuwa akizingatia anguko la mji huu: watu waliokuwa na taa na mazulia, na leo buibui ndiye mwenye nyumba. Mola wetu ametuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia. Nimewahi kusikia mawaidha hayo mara nyingi, lakini siku ile niliyaona kwa macho yangu.

Tulisali Adhuhuri, kisha tukala katika nyumba moja ambayo kiongozi alikuwa ameagiza chakula mapema: wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya ndimu. Fedha ya chakula ilikwenda moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba. Mama akapumzisha magoti yake kitandani hadi Alasiri. Ni kundi gani la watalii lingemngoja hivyo?

Shanga hatukufika, kwani ina siku yake. Kiongozi alituhadithia kwamba katika miaka ya 1980 wataalamu walichimba magofu ya huko, na chini ya msikiti wa mawe wakakuta alama za misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, hadi ule wa miti wa karne ya 8. Uislamu wa pwani hii haukuja jana.

Kwa anayekusudia kwenda

Familia ikitaka safari ya namna hii, yako mambo ya kukubaliana kabla ya kutoa fedha. Ulizeni bei kamili, ikiwa ni pamoja na mafuta ya boti, ujira wa nahodha na wa kiongozi, na chakula. Hakikisheni kwamba majaketi ya uokozi yanatosha, na ya watoto ni ya kimo chao. Semeni mapema ni sala zipi zitawakuta njiani na wapi mtasali. Kina mama, msione haya kuuliza kuhusu choo na mahali pa kutawadha. Ni bora kuuliza Lamu kuliko kuhangaika kisiwani. Mwenye mzee aulize boti inapandwaje na kushukwaje. Ulizieni pia hali ya usalama na ya hewa kwa wenyeji, na nahodha akisema leo bahari si njema, msimshurutishe. Tena mkumbuke kwamba mji wa watu si maonyesho: ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa ya wanawake na nyumba zao.

Daftari

Tuliondoka Mtangawanda saa 10 na nusu, maji yakijaa tena. Nilidhani Mama atasinzia. Badala yake alimwita mjukuu wake: "Una karatasi?"

Binti yangu alitoa daftari. Mama akaanza kutaja: bibi yake ni binti ya nani, babake ni mwana wa nani, alikuja Mombasa kwa chombo gani, ndugu zake walioana na kina nani, dawa ya kikohozi alichanganya nini na nini, na alisema nini mtoto alipovunja kikombe. Katika Mkanda upepo ulikuwa ukipeperusha kurasa, na mtoto akaziwekea goti. Mengine mimi mwenyewe sikuwahi kuyasikia, kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Tuliteremka Lamu kabla ya adhana ya Magharibi, na kurasa saba zilikuwa zimejaa.

Yule dada aliyekwenda Faza tumepata nambari ya simu ya mjukuu wake. Mwezi ujao, inshaallah, tutampigia, na daftari litakuwa wazi mezani.

Nawe msomaji mpendwa, ikiwa mzazi wako angali hai na ana mji anaoutaja kila siku, usingoje hadi arusi zote ziishe. Mpeleke. Na ikiwa uwezo wa kumpeleka huna, kaa naye leo baada ya Isha, ukiwa na kalamu.

Wabillahi tawfiq.