Mbona winga wenu huzimika kipindi cha pili?

UKIPITA Kabiro, mtaani Kawangware, Jumamosi alasiri, hutakosa kuwakuta vijana wakifukuzia mpira vumbini. Hadi mapumziko wanatimka kama swara. Ifikapo dakika ya 70, winga aliyekuwa akiwapita mabeki apendavyo sasa anatembea, mikono kiunoni. Mashabiki watamwita mvivu. Wengine watanong'ona kuwa alikesha disko. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa liko jikoni.

Misuli huwa na akiba yake ya nguvu. Ni wanga uliohifadhiwa, ambao wataalamu huuita glaikojeni. Mtu mzima huweza kuweka gramu 300 hadi 500 misulini, na nyingine kama 100 kwenye ini. Mchezaji hukimbia kilomita 10 hivi katika mechi ya dakika 90, na akiba hiyo ndiyo huchomeka.

Mnamo 1973 mtaalamu wa Uswidi, Bengt Saltin, alieleza habari za wachezaji walioanza mechi wakiwa na akiba pungufu. Kufikia mapumziko walikuwa karibu wameimaliza. Kipindi cha pili walitembea zaidi na kukimbia kidogo kuliko wenzao. Saltin huyo huyo baadaye alikuja Bonde la Ufa kuwachunguza wanariadha wetu.

Sasa mtazame kijana wa Kawangware au Kibera. Ijumaa kocha alimkimbiza hadi jua likatua. Usiku kulikuwa na ugali kidogo, maana unga unapimwa na watoto ni wengi. Asubuhi alikunywa chai ya rangi kwa mandazi moja, na mchana hakula, eti asiwe mzito uwanjani. Atatoa wapi nguvu?

Hahitaji unga wa kopo unaouzwa madukani kwa bei ya kutisha. Uchunguzi uliochapishwa 2004 kuhusu wanariadha wa Kikalenjin ulionyesha kuwa zaidi ya robo tatu ya nguvu za chakula chao ilitokana na wanga, ugali ukiwa mbele. Viazi vitamu, wali, chapati na ndizi hufanya kazi iyo hiyo. Mlo mkubwa uwe jioni ya kuamkia mechi. Kama mechi ni saa tisa, ale tena kati ya saa tano na saa sita. Githeri ni chakula kizuri, ila maharagwe wakati huo yatamsumbua tumboni. Heri ayale jana yake.

Akiba iliyokwisha huchukua siku nzima au zaidi kujaa. Kwa hivyo mazoezi makali, zile mbio fupi za kurudiarudia, yafanywe Jumanne au Jumatano. Hayo huifunza misuli kuchoma mafuta zaidi na kubana glaikojeni. Ijumaa wapige pasi chache na kwenda nyumbani.

Najua kuna nyumba zinazopika mara moja kwa siku. Timu nyingi huchangishana pesa za soda baada ya mechi, na sukari hiyo husaidia kurudisha akiba. Lakini nusu ya mchango huo, ukinunuliwa unga wa uji, sukari na ndizi, ungewalisha wachezaji saa tano asubuhi, kabla hawajavaa viatu.