Mshipi Unaolitetea Ziwa

Mvuvi wa trauti katika Ziwa Flathead, kwenye milima ya Montana nchini Marekani, hana haja ya kurusha chambo mbali. Hukishusha wima ubavuni mwa boti na kuuacha mshipi ukimbie mpaka ulegee ghafla: risasi imegusa chini. Huinua ncha ya ufito kwa kiasi cha shubiri mbili, kisha huiteremsha polepole, mshipi ukiwa umekaza kidogo. Umakini wote uko kwenye kule kuteremsha. Trauti wa ziwa hupenda kudaka chambo kinachozama, na akidaka ukiwa na pima thelathini za mshipi majini, huenda usihisi mvuto wowote. Utahisi tu kwamba uzito umetoweka kabla ya wakati wake. Hapo vuta mara moja.

Ndiyo maana wazoefu hutumia mshipi wa nyuzi zilizosukwa. Nailoni hutanuka, na kwenye kina hicho huimeza habari yote kabla haijafika kidoleni. Upepo nao ni adui: ukiisukuma boti, mshipi hulala upande na chambo huachana na sakafu, mahali samaki walipo.

Ziwa hili lililochongwa na barafu lina kina cha mita 113, na trauti huyu si mwenyeji wake. Aliletwa mwaka 1905, na kwa miongo mingi alikaa humo bila kishindo. Balaa lilianza na uduvi. Kuanzia 1968, wataalamu walipandikiza uduvi wa jenasi Mysis katika maziwa ya juu ya bonde hilo, wakitumaini kuwanenepesha samoni aina ya kokanee. Uduvi ukateremka na maji, na mwaka 1981 ukaonekana Flathead.

Hesabu ilienda kombo. Mchana, wakati kokanee wanakula karibu na uso wa maji, uduvi hujificha gizani chini. Usiku hupanda na kula vidudu vilevile vinavyomlisha kokanee. Aliyenufaika ni trauti wa ziwa, anayeishi huko chini uduvi unakojificha. Watoto wake walishiba, wakakua, wakawageukia samaki wengine. Mwaka 1985 kokanee zaidi ya 100,000 walipanda kijito cha McDonald kutaga. Mwaka 1987 hawakufika 400. Tai waliokuwa wakikusanyika hapo kwa mamia kila vuli wakakosa chakula, wakaacha kuja. Anayekumbuka jinsi sangara, naye samaki wa kuletwa, alivyowala furu wa Ziwa Victoria hahitaji maelezo zaidi.

Aliyebaki hatarini ni trauti wa asili, Salvelinus confluentus, ambaye mwaka 1998 aliingizwa katika orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini. Nusu ya kusini ya ziwa imo katika ardhi ya makabila ya Salish na Kootenai, na wao ndio walioamua kutosubiri. Tangu 2002 wamekuwa wakiandaa mashindano ya Mack Days, masika na vuli, ambapo mvuvi hulipwa kwa kuvua trauti wa ziwa kwa wingi. Baadhi ya samaki huwekewa alama, na anayewapata huzawadiwa fedha. Minofu huliwa na kuuzwa.

Wapo wanaoishi kwa kuwapeleka wageni kuvua trauti wakubwa, na hofu yao naielewa. Lakini kati ya samaki aliyeletwa na aliyezaliwa na mito hiyo, mimi niko upande wa makabila. Trauti wa ziwa huweza kuishi zaidi ya miaka 40. Ukimwacha, ana muda mrefu wa kutaga.

Kwa hiyo mvuvi wa Flathead hutazama mkia kwanza. Ukiwa na panda iliyochanjika sana, huyo ni trauti wa ziwa, aende kwenye barafu. Panda ikiwa hafifu na pezi la mgongoni halina madoa, huyo ni mwenyeji: toa ndoana akiwa bado majini, umwachie.