Mzoeze Mbwa Kamba Kabla ya Siku ya Chanjo

Siku bwana mifugo anapochanja mbwa chini ya mwembe, mimi hukaa zahanati nikiwasubiri walioumwa na mbwa wao wenyewe.

Safari moja alikuja mzee mmoja, mkulima wa mpunga huku kwetu Bagamoyo. Mkono wake ulikuwa umefungwa kipande cha khanga, damu inapita.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbwa huyu nimemlea tangu hajafumbua macho. Leo kanitafuna!”

Mbwa yule alikuwa mlinzi wa shamba dhidi ya nguruwe pori. Hakuwahi kuvaa kamba maishani mwake. Asubuhi hiyo alifungwa waya shingoni, akaburutwa hadi penye watu na mbwa wageni. Alikabwa, akaogopa, akauma. Kisha akakimbia bila kuchanjwa.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nikampeleka mzee hospitali kuanza chanjo. Hatukupaka pilipili wala mafuta ya taa. Mbwa hakuuawa. Alipopatikana alifungwa na kuangaliwa siku 10, akabaki mzima. Ingekuwa kichaa cha mbwa, na mzee angengoja mpaka dalili zitokee, hakuna dawa ambayo ningempa. Binadamu akishaonyesha dalili, karibu kila mara hufa.

Ugonjwa huu huzuiwa kwa mbwa kwanza. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba chanjo iliuondoa, ukaingia tena mwaka 2016, ukaondolewa tena mwaka 2018 kwa chanjo hiyo hiyo. Lakini mbwa asiyekubali kamba hafiki kwenye sindano.

Basi anza wiki tatu kabla. Waya usitumie, wala kitanzi kinachokaza. Sokota kipande cha gunia kiwe mkanda, vidole viwili vipite kati yake na shingo. Mvishe wakati anakula, umwache nao. Siku ya pili au ya tatu funga kamba ya katani ya hatua mbili, aiburute uani ukimwangalia. Akiizoea, ndipo uishike.

Atavuta. Wewe simama kama mnazi. Usimvute, usimpige, usimpigie kelele. Kamba ikilegea, hata kidogo, mtupie dagaa karibu na mguu wako, mwendelee. Akivuta tena, simama tena. Siku za kwanza mtatumia muda mrefu kufika kisimani, na majirani watacheka. Waache wacheke. Dakika 10 kila asubuhi zinatosha, jua halijawa kali. Akitulia uani, mpeleke njiani, halafu penye watu. Watoto waambiwe wasimtupie mawe.

Wengine huuliza, kwa nini asichapwe fimbo moja akome? Mbwa aliyechapwa hujifunza kwamba kamba ni maumivu. Siku ya chanjo akiiona tu, yuko porini.

Huku Pwani wengi wetu hatutaki mate ya mbwa yatuguse, maana kujitwaharisha ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo lisikuzuie. Mkanda avishe yule aliyemzoea, wengine washike kamba kwa mbali na kutupa dagaa chini.

Angalizo moja. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetoa udenda au kuuma vijiti, asifundishwe kitu. Kaa mbali naye, mwite bwana mifugo.

Mzee wangu alianza na vichwa vya dagaa vilivyobaki jikoni. Mwaka uliofuata nilimkuta chini ya mwembe, kamba imelegea mkononi, mfuko wa shati umevimba. Mbwa alichomwa sindano huku anatafuna. Waliomsumbua njiani, alisema, ni paka, maana walimfuata yeye kwa harufu.