Ng'ombe Mgeni na Majani ya Sumu

Husemwa mara nyingi na wazee wafugao katika nchi kavu ya Voi, Maungu na Kasigau kwamba mnyama haendi shule lakini aijua sumu yake. Mwache malishoni, naye atachagua mwenyewe. Neno hilo ni kweli nusu. Ng'ombe aliyezaliwa katika mbuga ile ile huchagua vizuri sana. Ng'ombe mgeni hachagui hivyo, na mara nyingi huyo ndiye afaye.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika Taita Taveta, kwa kuwa ranchi zake, ambazo ni zaidi ya 20, hupokea ng'ombe walionunuliwa mbali ili wanenepeshwe kabla ya kupelekwa sokoni. Mnyama hufika amechoka, ana njaa na kiu. Mbele yake pana msunguti, ambao wawindaji wa zamani wa Tsavo walichemsha vijiti vyake kupata sumu ya mishale. Pana na ule mti mfupi wa shina nene, wenye maua mekundu yapendezayo wakati majani mengine yote yamekauka; nao una sumu ya moyo. Huko milimani kuna lantana, iharibuyo ini la ng'ombe hata ngozi yake ikababuka juani. Na shambani kuna mtama mchanga ulionyauka kwa jua, wenye sumu ya sianidi iwezayo kumwangusha fahali kwa muda usiozidi saa moja. Asubuhi mwenye mali hukuta mzoga, na nyoka husingiziwa, au jirani.

Je, mnyama hujifunzaje? Kwanza, kwa mama yake. Ladha ya chakula cha mama humfikia ndama katika maziwa, na hata kabla ya kuzaliwa. Kisha ndama humfuata mama malishoni, akila alacho na kuacha aachacho. Pili, hujifunza kwa tumbo lake. Katika mwaka wa 1955 mtaalamu wa Kimarekani, John Garcia, pamoja na wenzake, walieleza habari za panya walionyweshwa maji matamu huku wakipigwa na miali yenye kudhuru mwili. Baadaye panya wale waliyakataa maji matamu. Tumbo lilikuwa limekumbuka, likamhukumu mshitakiwa asiye na hatia.

Akili hiyo ya tumbo ndiyo iliyotumiwa na wataalamu wa malisho katika mji wa Logan, jimbo la Utah, Marekani, ambako mmea wa milimani uitwao delfiniamu huua ng'ombe wengi. Mnyama hutengwa zizini, hupewa mmea ule peke yake, naye akisha kuuonja hutiwa tumboni, kwa mpira, chumvi ya lithiamu iliyopimwa kwa uzito wa mwili wake. Huchafukwa na tumbo, kisha hupona. Akiletewa mmea ule tena, hugeuza kichwa. Ng'ombe waliofundishwa hivyo, wakalishwa peke yao, waliendelea kuukataa hata kwa muda wa miaka 3.

Msomaji ataweza kuuliza kwa nini sumu ya mmea wenyewe isiwe mwalimu. Sababu ni kwamba sumu nyingine huua upesi mno, kama ile ya mtama, na maiti hajifunzi. Nyingine, kama lantana, hudhuru polepole, hata mnyama asiweze kujua ni jani gani lililomtenda. Chumvi ya lithiamu hutia kichefuchefu kwa wakati ufaao. Lakini si dawa ya kununuliwa na kukisiwa kwa kijiko. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Mafunzo hayo yana adui wawili. Wa kwanza ni njaa: mnyama mwenye njaa kali husahau kila alichofundishwa, nasi twajua jinsi malisho ya Voi yalivyokuwa katika ukame wa 2022. Adui wa pili ni rafiki. Huko Utah, ng'ombe waliofundishwa walipochanganywa na wasiofundishwa, waliwaona wenzao wakila delfiniamu, nao wakaonja. Na kwa kuwa hawakuugua mara moja, wakaendelea kula. Basi mtu akifundisha ng'ombe 10 na kuwatia katika kundi la 50 wasiojua, amepoteza fedha zake. Yafaa kundi zima lifundishwe, au waliofundishwa walishwe mbali.

Kwa mfugaji asiye na daktari karibu, iko njia ya kawaida isiyohitaji chumvi yoyote. Mitamba waliozaliwa hapo hapo wasiuzwe wote ili kununua wageni, maana elimu ya malisho imo vichwani mwao, na ndama wao watairithi. Ng'ombe wapya wateremshwe karibu na maji, wapewe nyasi kavu siku mbili tatu, wala wasitolewe malishoni na tumbo tupu. Kwa siku za kwanza mchungaji atangulie mbele yao, asifuate nyuma, ili auone msunguti kabla yao. Na ule ulio karibu na lambo ukikatwa, matawi yasiachwe chini, kwani ng'ombe apitaye huyala yakiwa yamenyauka.